Kupima Ardhi kwa Kuisikiliza: Tathmini ya Huduma Tuliyoitumia Kiomoni, Tanga

Mwezi wa Juni mwaka jana, mtu tuliyemwajiri kuchimba shimo la choo katika kiwanja cha madrasa yetu, upande wa Kiomoni kaskazini mwa jiji la Tanga, alikita mtaimbo kwenye mwamba akiwa katika kina cha kama mita tatu, na mtaimbo ukapenya wote hadi akabaki ameshika ncha. Alipanda juu haraka, akatueleza kwamba alihisi hewa ya baridi ikitoka kwenye tundu. Wenyeji hawakushangaa. Tumekaa juu ya mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, yale yale ambayo maji yameyala kidogo kidogo hadi yakafanyika Mapango ya Amboni, na wazee wa hapa hawakosi habari ya kisima kilichokauka ghafla au ya mbuzi aliyetumbukia. Lakini kamati ya ujenzi, ambayo mimi ni katibu wake, ilikuwa imekwisha kuchora bweni la wasichana la ghorofa moja katika kiwanja hichohicho. Tulisimamisha kazi, tukaanza kutafuta mtu wa kutueleza kilichoko chini.

Huduma tuliyoichagua ni ya kupima tabaka za juu za ardhi kwa kutumia mitetemo midogo ambayo ardhi inayo saa zote, bila baruti na bila kuchoronga. Niliitafutia maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na mteja aliyewahi kuilipia nikayakosa, na ndiyo sababu naandika kwa urefu. Kampuni iliyotuhudumia ilitoka nje ya mkoa. Jina lake silitaji kwa kuwa nina malalamiko juu yake ambayo nimekwisha kuyapeleka kwao wenyewe. Bei ilikuwa chini ya nusu ya makisio tuliyopewa ya kuchoronga mashimo manne ya mita 15, ikijumlisha usafiri na malazi ya watu watatu. Kwa kazi ya kiwanjani nawapa nyota tano kati ya tano. Kwa ripoti nawapa mbili.

Naanza na namna inavyofanya kazi, maana asiyeielewa hawezi kujua kama amehudumiwa vizuri. Ardhi haitulii hata sekunde moja. Mawimbi ya bahari yanaposukuma sakafu ya bahari na kupiga pwani huzalisha mitetemo ya polepole, chini ya hezi 1, yaani chini ya mtikisiko mmoja kwa sekunde, ambayo husafiri mamia ya kilomita barani. Juu ya hezi 1 mitetemo mingi ni yetu wenyewe: magari, mashine, viwanda, nyayo za watu. Mwaka 2020, shughuli ziliposimama duniani kwa sababu ya janga la korona, vituo vya kupimia matetemeko vilionyesha kwamba mitetemo hii ya binadamu ilipungua hadi kufikia asilimia 50. Sisi tulipata ushahidi wetu mdogo: kifaa kimoja kiliachwa kikirekodi kuanzia Alhamisi jioni hadi Ijumaa alasiri, na katika mchoro wake bonde la usiku linaonekana wazi, kisha bonde jingine fupi wakati wa sala ya Ijumaa, pale ambapo barabara, karakana na vijana wa mpira vilinyamaza pamoja. Nimeuangalia mchoro huo mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote za ripoti.

Mitetemo hiyo inapopita katika udongo laini uliolala juu ya mwamba mgumu, udongo hutikisika kwa namna yake wenyewe, kama uji ndani ya bakuli ambao huendelea kuyumba hata kama bakuli limesogezwa kidogo tu. Kadiri tabaka la udongo lilivyo nene, ndivyo linavyoyumba polepole. Mtafiti wa Kijapani Yutaka Nakamura alieneza mwaka 1989 njia rahisi ya kuutambua mwendo huo kwa kifaa kimoja tu: unapima mtetemo wa mlalo na wa wima mahali pamoja, unagawanya wa kwanza kwa wa pili katika kila kiwango cha masafa, na pale uwiano unapopanda na kufanya kilele ndipo udongo unapoyumbia. Njia ya pili ni ya vifaa vingi vilivyopangwa kwa duara, na msingi wake uliwekwa na mtaalamu wa matetemeko Keiiti Aki mwaka 1957. Vifaa hurekodi kwa pamoja, na kwa kulinganisha kinachofika kwenye kila kimoja hupatikana kasi ya mawimbi yanayosafiri juu ya uso wa ardhi. Mawimbi marefu huzama zaidi na mafupi hubaki juu, kwa hiyo mabadiliko ya kasi kutoka wimbi fupi hadi refu hueleza ugumu wa ardhi kutoka juu kwenda chini. Njia ya kwanza hukupa masafa, ya pili hukupa kasi, na ukigawanya kasi kwa mara nne ya masafa unapata kina cha mwamba. Anayekuuzia ile ya kwanza peke yake kisha akakutajia kina kwa mita, muulize kasi ameitoa wapi.

Kikosi kilifika saa moja asubuhi: fundi mkuu wa vipimo, kijana ambaye hakufika miaka thelathini, na wasaidizi wawili. Kabla ya kufungua masanduku alikaa na kamati akatueleza jambo ambalo wauzaji wengine wa vipimo hawakutueleza, kwamba njia hii haioni pango. Inaona mwamba ulipoanzia na ugumu wa wastani wa kila tabaka katika eneo lililo chini ya duara, na uwazi wenye ukubwa wa chumba ulioko mita kumi chini unaweza kumezwa na wastani huo bila kuacha dalili. Alisema kazi yake ingetuonyesha pa kuchimba mashimo ya majaribio na pa kuacha. Wajumbe wawili walitaka kuvunja mkataba papo hapo. Mimi nilimwamini zaidi baada ya maneno hayo kuliko kabla yake, na yaliyofuata hayakunipa sababu ya kujuta.

Mwalimu wetu mkuu aliwakaribisha waweke kifaa cha kwanza barazani, mahali tambarare penye kivuli. Kijana alikataa kwa adabu. "Mwalimu, samahani," alisema, "saruji ni ngumu kuliko udongo ulio chini yake, na gamba gumu juu ya kitu laini hushusha uwiano chini ya moja. Nitakuwa nimepima baraza lako, sikupima kiwanja." Kwa sababu hiyo hiyo alikwepa zile sehemu za upande wa mashariki ambako jiwe limejitokeza vipande vipande, akakwangua majani na kuweka miguu mitatu ya kifaa kwenye udongo wenyewe. Mikorosho aliiepuka pia, kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma, na mti unapoyumba mizizi yake hutikisa ardhi kwa masafa ya chini, ambayo ndiyo yanayohitajika.

Vituo vya kifaa kimoja vilikuwa kumi na vinne, na kila kimoja kilirekodi kwa dakika 20. Muda huu mteja aufuatilie kwa saa yake. Mwongozo uliotolewa Ulaya mwaka 2004 na mradi wa SESAME, ambao ndio hutumiwa zaidi, unataka angalau dakika 10 kwa kilele kinachotarajiwa kwenye hezi 1, na dakika 30 kikiwa kwenye hezi 0.2. Mtu anayerekodi dakika tatu kila mahali, akahama, na baadaye akakuletea ramani ya kina kirefu, hakukupa ulicholipia.

Kwenye kituo cha tano kilitokea kilele kirefu chembamba karibu na hezi 24. Mimi, kwa hamu, nilidhani tumepata kitu. Kijana alitazama kompyuta mpakato yake akasema kwamba ardhi haifanyi kilele chembamba namna ile, tena kikiwa kimesimama mahali palepale katika mlalo na wima kwa pamoja. Hiyo ni mota inayozunguka kama mara elfu moja na mia nne na kitu kwa dakika. Akatembea hadi kwenye mashine ya kusaga nafaka iliyoko nyuma ya uzio. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Akamwomba mwenye mashine asimame kwa nusu saa, mama akakubali baada ya kumaliza debe lililokuwa kwenye mdomo wa mashine, na kituo kikapimwa upya. Kilele kilikuwa kimetoweka. Kipimo hicho cha pili wangeweza kutokifanya na kamati yetu isingejua kamwe.

Malori ya barabara ya Horohoro, ambayo kelele zake sisi huzilaani, siku hiyo yalikuwa na faida, kwa kuwa ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya mitetemo ya juu ya hezi 1 iliyotakiwa. Hata hivyo yote yanatoka upande mmoja. Ndiyo maana kikosi kilipanga vifaa saba, sita kwenye duara na kimoja katikati, kwa nusu kipenyo cha mita 5, kisha 15, kisha 30, na kukaa dakika 40 kila duara. Mstari ulionyooka wa jiofoni, yaani vipokezi vidogo vya mitetemo, njia ambayo John Louie wa Nevada aliieleza mwaka 2001, ni wa haraka zaidi na hutumika sana mijini, lakini mtetemo ukiuingia mstari kwa pembe, kasi inayosomeka huwa kubwa kuliko ya kweli. Duara halijali mtetemo umetoka upande gani kwa kiasi hicho. Katika kiwanja kilicho kando ya barabara kuu, takeni duara, hata kama litaongeza nusu siku.

Matokeo yalikuwa haya. Udongo mwekundu wa juu una kasi ya kama mita 220 kwa sekunde kwa mawimbi ya mkingamo, yale yanayotikisa udongo kwa upande. Upande wa magharibi kilele kilikuwa kwenye hezi 9, maana yake mwamba uko kama mita 6 chini. Kona ya kusini kilele kilishuka hadi hezi 5, yaani mita 11. Upande wa mashariki hapakuwa na kilele chochote, mstari ulikuwa bapa, na hii nayo ni habari, kwa sababu udongo wa mita moja tu ungefanya kilele karibu na hezi 55, mbali na masafa waliyoyapima. Kwa maneno mengine, mwamba wetu haukulala sawa: mashariki umejitokeza, na kusini umebonyea kama sinia, umbo ambalo mvua hulifanya katika mawe ya chokaa kwa kuyayeyusha na kuacha udongo ujaze.

Hatukukubali kwa maneno. Tulichimba shimo la majaribio magharibi, lililozatitiwa kwa mbao kila mita moja, na tukagusa mwamba kwenye mita 5.3. Mashariki tuliugusa kwenye sentimita 90. Kusini tulizungusha keekee ya mkono hadi mita 8, mwisho wa mabomba yetu, na udongo ulikuwa bado laini. Tofauti ya chini ya mita moja magharibi si ndogo kwa mtu anayekadiria zege, lakini kwa kipimo kilichofanywa bila kuchimba hata kidole cha ardhi, naiona ni nzuri sana.

Sasa ripoti. Ilichelewa wiki tatu zaidi ya ahadi, na ililetwa kwa Kiingereza chote, wakati mkataba na mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili na wajumbe watano kati ya tisa hawasomi Kiingereza. Nililazimika kuifasiri kwa mikono kwenye kikao, neno kwa neno, na pale nilipokosea hapakuwa na wa kunisahihisha. Kosa hili ni la kweli, si la mapambo, kwa sababu wanaoamua pa kuweka msingi ndio waliofungiwa nje ya maelezo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Ukurasa wa mbele ulibeba namba moja kwa herufi kubwa: kasi ya wastani hadi mita 30, pamoja na daraja la ardhi kwa kanuni za Ulaya, daraja B, linaloanzia mita 360 hadi 800 kwa sekunde. Nilipopekua majedwali ya nyuma nilikuta mashariki ni kama 710, magharibi kama 505 na kusini kama 390. Zote tatu ni daraja B. Yaani mahali ambapo mwamba uko chini ya kapeti na mahali ambapo uko mita 11 chini yamepewa jina moja, na mjumbe aliyesoma ukurasa wa kwanza tu angeweza kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba bweni likae popote. Wastani wa mita 30 una kazi yake kwa wahandisi wa matetemeko. Kwa jengo dogo juu ya chokaa iliyotoboka, linaloamua ni ramani ya kina cha mwamba, na ramani hiyo waliiweka kwenye kiambatisho cha mwisho.

Kosa la tatu lilinisikitisha kwa ajili ya yule kijana. Mchoro wa rangi ulionyesha doa la buluu kwenye kina cha mita 14, pembeni mwa duara, likiwa na maandishi kwamba huenda ni pango. Aliyeandika ofisini hakuwa amesikia tulichoambiwa kiwanjani. Niliwauliza kwa barua doa hilo limetegemea vituo vingapi, wakajibu kwamba liko ukingoni ambako data ni chache, wakalifuta katika toleo la pili. Lisingeulizwa, lingebaki, na wazee wetu, ambao wana sababu zote za kuogopa mapango, wangeacha upande mzuri wa kiwanja kwa ajili ya rangi.

Data ghafi nazo hatukupewa hadi nilipozidai mara mbili. Zilipofika, mpwa wangu anayesomea jiolojia chuoni alizifungua kwa Geopsy, programu ya bure ambayo hutumiwa na watafiti wa fani hii, akahesabu upya vituo vyote kumi na vinne. Vilele vyake vilikaribiana sana na vya kampuni, na cha magharibi alikipata kwenye hezi 8.8. Mkataba wetu haukuwa na kifungu cha data, na hilo ni kosa la kamati. Wekeni kifungu hicho kabla ya kutoa malipo ya awali.

Nililotaka kuliona ndani ya ripoti na sikuliona ni uhusiano wa masafa ya ardhi na ya jengo. Nilimpigia simu kijana wa vipimo kuuliza, naye alinieleza bila kudai chochote. Kwa makadirio ya haraka, kila sakafu huongeza sehemu ya kumi ya sekunde kwenye muda ambao jengo huyumba mara moja kwenda na kurudi, hivyo bweni letu lenye sakafu mbili lingeyumba karibu na hezi 5. Kona ya kusini inayumba kwenye hezi 5 hizohizo, na ardhi na jengo vikiyumba kwa masafa yaleyale, mtikisiko wa jengo hukua. Mwaka 1985 jiji la Mexico liliumizwa na tetemeko ambalo chanzo chake kilikuwa zaidi ya kilomita 300 mbali, kwenye pwani ya Pasifiki, kwa sababu udongo wa ziwa la kale uliyumba kwa mwendo wa kama sekunde mbili na majengo ya urefu wa kati yakaupokea mwendo huo. Pwani yetu si Mexico. Lakini tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa takribani 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na watu wa pwani walitoka nje ya nyumba usiku. Jambo ambalo linaweza kukwepwa kwa kusogeza jengo mita 40 halina haja ya kuachwa.

Tumelisogeza. Bweni linajengwa mashariki, juu ya mwamba, na kwa kuwa kipimo hakioni pango, mhandisi wetu aliagiza kila shimo la nguzo litobolewe mita tatu zaidi chini ya kitako kabla ya kumwaga zege. Kati ya nguzo ishirini na nne, moja ilikutwa na ufa wa upana wa sentimita 40 uliojaa udongo. Ulisafishwa na kujazwa zege, na kitako chake kikapanuliwa. Kona ya kusini imebaki uwanja wa watoto.

Kwa anayejenga Kiomoni, Mabokweni, Pongwe au popote penye chokaa chini, naipendekeza huduma hii kabla ya kuchoronga na si badala yake. Kwa anayetafuta maji au pango mahususi, sipendekezi. Kampuni imekubali kurudi jengo likishapauliwa, kuweka kifaa kimoja sakafu ya juu na kingine ardhini kwa usiku mmoja, ili tujue bweni lenyewe linayumba kwa hezi ngapi. Safari hii mkataba umeandikwa kwa Kiswahili, una kifungu cha data ghafi, na ramani ya kina imepewa ukurasa wa kwanza.